Masikio na Gari Lisilokohoa

Jirani yangu wa gereji tunamwita Masikio, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa akichomelea mabomba ya moshi, nami upande wa pili wa ua naziba pancha. Gari likiwa bado halijakata kona, yeye ameshajua ni la nani na bomba limetoboka wapi. Nilikuwa nikimbishia kwa makusudi, na sikuwahi kushinda. Teksi za kampuni moja ndizo zilizomjengea nyumba na kumsomeshea mabinti wawili. Wa tatu bado yuko chuoni.

Jumanne asubuhi alikuwa ameinama akisugua kutu, akashtukia bampa ya gari imemfikia makalioni. Aliruka, akaangusha brashi ya waya. Nikacheka mpaka machozi. Ndani ya gari alikuwa shemeji yake, dereva wa kampuni ile ile, na gari lenyewe lilikuwa jipya.

"Hebu likague, shemeji," akamwambia.

Masikio akatandika boksi lake, akalala chali, akaingia chini na tochi. Tukabaki kuona miguu tu, nayo ikatulia. Alipotoka, uso ulikuwa umempauka, na kicheko changu kikaniishia mdomoni.

"Chini hamna kitu," alisema. "Kumefunikwa bati, mwanzo mpaka mwisho."

Shemeji akaeleza taratibu, bila kumtazama. Ni gari la umeme. Halitoi moshi, kwa hiyo halina bomba. Teksi zile za zamani zinauzwa zote. Mwezi ukiisha kampuni haitabaki na hata moja. Amekuja mwenyewe kwa sababu hakutaka habari hiyo imfikie kupitia watu wa pembeni.

Nikatazama matairi manne ya lile gari, nikajua kwamba mimi nitaendelea kula, na aibu ikanishika kana kwamba nimemwibia mtu.

Shemeji akamgusa bega, akaaga. Masikio akageukia ndoo ya maji, akatupa mgongo, akasugua mikono muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa mimi, shemeji, nifanye kazi gani?"

Akasubiri jibu, maana hakuwa amesikia gari likiwashwa.

"Ameshaondoka," nikamwambia. "Kitambo."