Kompyuta ya Marehemu Hamisi

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi, mwanangu, na wala haikuwa siku ya safari au ya kazi ngumu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida Msambweni, mwanamke ameketi mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya, na hajui pa kwenda.

Nianze mbali kidogo upate kuelewa. Mimi nilitoka kijijini Jego na viatu vya kuazima. Nikaenda Uarabuni, nikabeba mizigo katika bohari, na siku za mapumziko wenzangu wakilala mimi nikasoma. Nilirudi na stashahada ya kompyuta, kwa jasho langu, na hakuna aliyenishika mkono. Cheti kipo ukutani mpaka leo, nimekitia kioo, na mgeni hukiona kabla hajaona kiti. Sisemi haya kwa kiburi, ingawa mke wangu hucheka kila nikisema hivyo. Nataka ujue kwamba yaliyotokea hayakufanywa na mjinga.

Nilirudi kwa msiba. Mdogo wangu Hamisi alikuwa na duka dogo la kuchapa na kutoa nakala pale Msambweni. Barua za vijana wanaoomba kazi kwenye mahoteli ya Galu, kadi za harusi, ratiba za maulidi, vyote vilitoka pale. Homa ikamchukua kwa siku chache tu, nami nilifika ameshazikwa. Mkewe Mwanasiti alikuwa ameshaingia eda, ndani ya chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, na lile duka ndilo lililobaki la kumlisha yeye na mtoto wake mchanga.

Nikaenda kuitazama kompyuta ya dukani, nikashtuka. Ilikuwa kongwe, mfumo wake waliouunda walishauacha, na flashi za wateja zilikuwa zimeijaza virusi. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua mahamri ukarudi, bado inajivuta. Mimi wakati huo ndio kwanza nimehamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na niliipenda kama mtu aliyeoa juzi. Ni ya bure, ni nyepesi, na virusi vile vya flashi havikuiweza. Nikasema dawa ndiyo hii. Na dawa ilikuwa kweli, kwa hilo sirudi nyuma.

Nikamwambia mama, "Ile kompyuta naitengeneza yote upya. Mwanasiti akitoka eda ataikuta mpya."

Mama alikuwa akichambua mchicha. "Basi nimuulize kwanza. Ndiye atakayeikalia."

"Umuulize nini, mama? Hata jina la mfumo halijui."

"Na mimi silijui. Nimesema nimuulize."

"Mwache na eda yake. Itakuwa zawadi."

"Haya, bwana msomi," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Hapo ndipo pa kutazama, mwanangu. Mimi ni shemeji, naye yuko edani. Kwa adabu zetu singeingia nikakaa naye uso kwa uso. Lakini neno lilikuwa na njia. Mama alimpelekea uji kila asubuhi na kurudi na salamu zake. Swali langu lingeingia na bakuli na jibu likatoka nalo. Ndivyo tulivyo wengi huku: mjane akiwa ndani, wanaume nje tunampangia mambo yake, na tunaita huko kumstahi.

Kazi niliifanya vizuri. Nilinakili faili zote za Hamisi, nikafuta diski, nikaweka Linux, nikazirudisha faili katika folda safi, barua mbali na kadi mbali. Mashine ikawa inafunguka upesi mpaka raha. Nilijiona fundi, na nilikuwa fundi.

Eda ikaisha. Mwanasiti akaoga, akabadili nguo, akasomewa dua. Kesho yake tukaenda naye dukani, mimi na mama. Akakaa kwenye kiti cha mumewe, nami nikaiwasha kwa mbwembwe.

Akashika kipanya. Kipanya kilikwenda pembeni chini, kikasimama. Kikapanda juu, kikasimama. Alikitazama kioo cha kompyuta kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda cha mwingine.

"Shemeji, ile ya samawati iko wapi? Ile ya barua."

"Ni hii hapa. Ina jina jingine tu, kazi ni ileile."

"Na ile picha ya nyuma, ya ng'ombe wa baba yake mtoto?"

"Ipo kwenye folda. Kila kitu kipo, Mwanasiti, hakuna faili hata moja iliyopotea."

"Najua, shemeji. Ahsante." Akavuta mtandio usoni.

Ni mama aliyenieleza, tulipotoka nje. Mwanasiti aliacha shule mapema, na Kiingereza cha kwenye kioo hakisomi. Hamisi alimfundisha kwa kumshika mkono, alasiri wateja wakipungua: hapa bonyeza, hapa teremka, hii ya samawati ndiyo barua, hii yenye karatasi ndiyo kuchapa. Kazi yote aliijua kwa mahali ilipo. Na miezi yote ya eda, kumbe, alikuwa akiyarudia masomo yale kwa kidole juu ya mkeka, asije akasahau. Alikuwa amemwambia mama kwamba akitoka ataliendesha duka vilevile alivyofundishwa.

"Ningemuuliza angekwambia," mama akasema. "Umesoma, Juma, nami naringa nawe sokoni. Lakini ulichokifuta mle ndani ni mkono wa mumewe."

Nikarudi ndani nikamwambia nitamfundisha upya. Alijaribu, maskini. Lakini mimi si mumewe, siwezi kumshika mkono. Nilielekeza kwa maneno, nimesimama mbali, naye kila akikosea anasema samahani. Wateja wakachoka kungoja. Nikajaribu hata kuurudisha mfumo wa zamani, ukarudi mtupu. Alama hazikukaa pale alipozipanga Hamisi, na aliyejua mpango wake yuko kaburini. Kabla ya masika kuisha duka lilifungwa, Mwanasiti akarudi kwao Majoreni na mtoto mgongoni.

Miaka ikapita, nikaenda kumjulia hali. Akanikaribisha vizuri, akanipikia, akaniuliza habari za nyumbani mmoja mmoja. Nilipotaka kulianza lile neno la duka akanitangulia.

"Usijilaumu, shemeji. Watu walimzika siku ile ya mazishi. Mimi nilimzika pale dukani, basi."

Wali ulikuwa mbele yangu. Nikausogeza kando.

Sasa umenijia na kompyuta ya nyumbani kwenu, mwanangu, unataka nikuonyeshe namna ya kuihamishia Linux. Ihamishie, sikukatazi, mimi mwenyewe siwezi tena kuishi kwingine. Ila ionje kwanza kutoka kwenye flashi, maana mfumo huu hukubali kuonjwa bila kugusa kilichomo. Toa nakala ya faili zako, kisha uzifungue kweli uone zinasomeka. Diski ikiwa na nafasi, uache mfumo wa zamani ubaki pembeni, ukiwasha unachagua, mpaka mtakapozoea. Usikimbilie kuandika amri ngumu ili watu wakuone; andika barua moja, ichape, ufurahi. Na kwa kuwa kompyuta hiyo mama yako huikalia kuliko wewe, kaa nyuma yake kutwa nzima umtazame anavyofanya kazi kabla hujagusa kitu. Muulize anataka nini kibaki palepale. Akisema hataki kuhama, basi hataki, na stashahada haitamjibu.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie elimu, na akutilie ndani yake huruma. Akurehemu wewe na waliokufundisha, waliopo na waliotangulia, na kila nyumba utakayoingia kufanya kazi uiache na amani yake. Amina.