Mkono wa Mfukoni

Mtaani wanamwita Mkono-Mfukoni, kwa sababu fundi huyu akigusa kitu chenye umeme hutumia mkono wa kulia tu. Wa kushoto huuzamisha mfukoni, umeme usipate njia ya kupitia kifuani. Na kila kifaa hukinusa kwanza, kama mpishi anayekagua samaki. Leo amekinusa kimashine cha mvuke wa dawa cha mtoto mwenye pumu, kilichozimika ghafla, huku mama mtu amesimama mlangoni, roho mkononi.

"Nani kachomeka chaja hii?"

"Baba yake. Mbona iliingia vizuri tu, fundi!"

"Mguu huingia hata kwenye kiatu cha jirani, dada. Kwenye ncha ya chaja hii umeme chanya uko nje, na mashine inautaka ndani."

Akakifungua, akaguna. Akaguna tena, na kila mguno ulimkata mama maini. Kisha akainua kwa kibano kitu cheusi, kidogo kama punje ya mchele.

"Diodi. Huyu ndiye mlinzi wa mlango, huuzuia umeme unaoingia kinyume. Kafa yeye, wa ndani wamesalimika."

Akachomelea nyingine, akageuza nyaya za chaja, akauzamisha mkono wa kushoto mfukoni, akawasha. Mashine ikanguruma, mvuke ukatoka. Mama akaketi bila hata kutazama kama pana kiti, akacheka huku machozi yanamtoka. Ndipo akauona ule mkono ukitoka mfukoni: ngumi iliyokazwa, inavuja jasho. Fundi akaikunjua kidole kimoja kimoja, akajifuta kwenye suruali.

"Haya," akasema, "mpelekee mtoto."