Milimita na Bamba la Shemeji

Mume wangu wanamwita Milimita, na wala si utani mtupu. Huyu bwana akitundika picha sebuleni, anapima kutoka darini, anapima kutoka sakafuni, halafu anarudi nyuma na kukunja uso kana kwamba ukuta umemkosea adabu. Gereji nzima inamcheka, lakini gari likipondeka vibaya anayetafutwa ni yeye. Mimi mkewe jina hilo nimeliringia mpaka majirani wamenichoka.

Basi Ijumaa akaja mdogo wangu, kitindamimba wa mama, mgonjwa wa mashindano ya magari. Kile kioo cha paa la gari lake, alisema, ni kizito mno, pamoja na mota yake na reli zake. Kinamyumbisha kwenye kona. Alitaka kitolewe, pazibwe kwa bamba jepesi la nyuzi za kaboni. Bamba lenyewe alikuwa nalo kwapani, jeusi, linang'aa, ukilinyanyua unadhani umeshika sinia tupu.

"Shemeji, niachie gari hadi Jumatatu," mume wangu alimwambia.

"Jumatatu? Mashindano ni Jumapili, shemeji! Nawe na milimita zako!"

Kioo kikatoka, mota ikatoka, reli zikatoka. Milimita akaanza kukwangua rangi ukingoni mwa lile tundu, maana gundi inatakiwa ishike bati lenyewe. Ikishika rangi, siku upepo ukipenya chini yake, rangi inabanduka na bamba linaruka nayo. Hayo kanieleza hata mimi, nisiyejua kubadilisha tairi. Akakwangua mbele, akakwangua pembeni huku na huku. Alipofika nyuma, mdogo wangu kamsimamia kichwani, "Bado tu, shemeji? Bado tu?", Milimita akapaka gundi juu ya rangi. Akakandamiza bamba, akafuta vidole, akapokea asante.

Jumamosi nzima hakuwa mtu. Chakula anakichokonoa tu. Nikamuuliza anaumwa nini, akasema jino. Jino lipi, jamani, mtu anayevunja mifupa kwa magego! Jumapili asubuhi nikamkuta ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, machozi yanamlengalenga. Ndipo akanimwagia yote.

"Mpigie!" nilifoka. "Mpigie sasa hivi, kabla hajaingia uwanjani!"

Mdogo wangu akaja, kavaa tayari nguo za mashindano, kanuna. Milimita hakujitetea. Alipanda kijingazi, akapenyeza kisu cha plastiki upande wa nyuma, akavuta kidogo tu. Upande wote ukabanduka, rangi imeng'ang'ania gundi, bati limebaki tupu. Pande nyingine hazikutikisika.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Nilijua tangu Ijumaa. Niliona haya kusema."

Loo, moyo wangu ukatua! Mdogo wangu mzima, mashindano yatakuja mengine. Nilitaka hata kumshika mume wangu mkono, kwa kuwa si kila mwanamume angeyasema hayo mbele ya shemeji yake.

Mdogo wangu alikuwa bado analitazama lile bamba lililofunuka.

"Tangu Ijumaa," alisema polepole. "Shemeji, jana si nimempeleka mama kliniki kwa gari hili? Kwa barabara kuu, kwenda na kurudi."

Nilimgeukia mume wangu nione atakavyoshtuka. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa tu, kisu mkononi.

Hapo nikakumbuka. Ni mimi niliyempigia mdogo wangu simu jana asubuhi, nikambembeleza ampeleke mama. Nilipiga nikiwa mezani, kwa sauti, maana mtandao ulikuwa mbovu. Milimita alikuwa ameketi mbele yangu, anapaka mkate siagi. Nilipokata simu, aliniuliza kama chai yangu imekolea sukari.