Asnath na Rozalia wa Nne

Ukifika Katonga, huku kwetu Kigoma, wakati wa mbalamwezi, usiseme wavuvi wetu ni wavivu. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukishakuwa mkubwa taa ya mvuvi haina kazi tena, samaki wanatawanyika ziwa zima. Basi vipe, ndiyo mitumbwi yetu ya dagaa, vinavutwa mchangani, nyavu zinashonwa, na wanaume waliozoea kulala mchana wanabaki na mchana mkononi hawajui waupeleke wapi. Wengine wananyolewa. Wengine wanagombana na wake zao. Wengi, kwa miaka mingi sasa, wanakwenda kwa Ma Asnath kusikiliza gemu.

Nimesema kusikiliza. Sijakosea, tulia nikueleze.

Asnath ni mzaliwa wa Kagunga, kule mpakani. Aliletwa Katonga na mumewe, Polycarp, aliyekuwa na banda la video: mabati, mabenchi, televisheni, na mashine ya gemu aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Polycarp alipofuata dhahabu upande wa Chunya na kuamua kuoa hukohuko, ndugu zake walikuja kuchukua televisheni. Walimkuta Asnath ameiweka ndani ya boksi, amekaa juu yake, anachambua dagaa.

"Subirini nimalize," akawaambia, wala hakuinua kichwa.

Wakasubiri mpaka jua likawashinda, wakaenda zao.

Watu hawakumwacha salama. Mwanamke mzima, tena wa kwaya, anashinda bandani na vijana anawawekea gemu! Jirani yake mmoja alimuuliza bombani, mbele za watu, "Mwenzetu, wewe utakua lini?" Asnath akatua ndoo. "Nikishakua nitakuja nikuonyeshe," akasema, akajitwisha, akaondoka.

Sasa hiyo gemu. Ina jina refu la Kizungu ambalo hapa halikupata mtu wa kulitamka. Ni ile aina yenye hadithi ndani: binti anasafiri kisiwa hadi kisiwa, anapanda magofu, anavuka mito, anaongea na watu, na kila gemu inaanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Vijana walikuwa wanayaruka maongezi yote, wanabonyeza tu wafike kwenye kupigana. Siku moja Nikodemu, nahodha wa kipe na mtu wa maswali mengi, akauliza, "Sasa huyu binti anakimbilia wapi?"

Hakuna aliyejua. Ndipo kutoka nyuma, penye ndoo ya maandazi, sauti ya Asnath ikasema, "Anamtafuta mama yake. Na jina lake ni Rozalia."

Ikawa ndiyo hivyo. Kuanzia siku ile mwenye pedi, kile kidude cha kubonyeza, anacheza, Asnath anasimulia. Kiingereza alichotoka nacho darasa la saba kilimtosha kusalimia tu, lakini hakuna aliyemuuliza, kama ambavyo hakuna amuulizaye bibi yake kama sungura alimwona kwa macho. Yeye alitazama nyuso. "Mtu akisema uongo macho yake yanajulikana," alikuwa akisema, "hata awe wa kuchorwa." Alipotazama yule mzee mwenye taa, aliyemtoa binti majini meli ilipozama mwanzoni kabisa, akasema huyo ni mjomba, ndugu wa mama tumbo moja. Na mjomba akapendwa! Wanawake waliokuja kununua dagaa walikuwa wanachungulia mlangoni kuuliza mjomba kaamkaje. Nikodemu alipochonga kipe kipya alikiandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MJOMBA YUPO.

Rozalia wa Kwanza ikaisha, akaja wa Pili, akaja wa Tatu. Wa Tatu alituacha pabaya: binti yuko ufukweni, kisiwa cha mama yake anakiona kwa mbali, mtumbwi hana. Halafu kimya. Watoto waliozaliwa mwaka ule wakaanza shule, na Rozalia bado amesimama mchangani. Kila mbalamwezi watu waliuliza, na Asnath alijibu, "Anapumzika. Ametembea sana."

Mwaka huu ndipo akaja Sia. Sia ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Moshi, kapangiwa kazi huku hana ndugu hata mmoja. Wa Nne ilipotoka, mashine mpya anayo na gemu katumiwa na dada yake kutoka Dar. Aliposikia kwamba kuna banda zima la wavuvi wanaomngoja binti yuleyule, hakuamini. Akabeba mashine yake kwenye kanga, akashuka Katonga.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa na nyie mnaisubiri."

"Marahaba, mwalimu. Ingia, ingia. Edson, mpishe mgeni akae."

Edson ni kijana wa kipe cha Nikodemu, fundi wa pedi, mdomo hauna kufuli. Alipisha, akashika pedi, mlango ukafungwa kupunguza jua. Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya nyavu za dagaa.

Asnath akaanza. "Hapo Rozalia anaamka. Amemwota mama yake anamwita jina la utotoni. Nani yule anakuja na taa?"

"Shikamoo, mjomba!" banda zima likaitikia.

Sia akashtuka, akacheka, akaziba mdomo. Akavumilia kidogo. Kisha akashindwa.

"Mama Asnath, naomba radhi. Huyu mzee si mjomba wake. Hawana undugu wowote."

"Ni nani basi?"

"Ndiye aliyeizamisha ile meli. Anamtafuta mama wa huyu binti amuue, na njia haijui. Anamfuata binti ili amfikishe."

"Mwalimu, taratibu," Edson akasema bila kugeuka. "Hujamaliza hata mwaka Kigoma, ushaanza kuvunja familia za watu?"

"Sisemi mimi, Edson. Wanasema wenyewe, hebu sikiliza."

"Hao wanasema Kizungu. Kwa Kiswahili ni mjomba."

Watu wakacheka mabenchi yakalia, Sia naye akacheka. Asnath hakucheka. "Cheza," akamwambia Edson.

Akacheza. Wakapata mtumbwi, wakavuka, kisiwa kikakaribia. Mama wa Rozalia, nywele nyeupe, akaonekana upande wa pili anasukuma mtumbwi wake kuja kumpokea mwanawe. Banda likapiga vigelegele, wanaume wale! Mzee akarukia mtumbwi wa mama. Akafungua taa yake. Akamwaga mafuta, polepole, kila mtu akaona. Akaidondosha taa, akajitupa majini, na mtumbwi ukawaka moto mama akiwa ndani. Halafu uso wa mzee ukaletwa karibu, ukajaa kioo kizima. Alikuwa anacheka.

Edson akaweka pedi mapajani. Gemu ikasimama ikingoja abonyeze.

"Ma Asnath," akasema, "sema kitu."

Asnath bado anaukodolea macho uso ule.

"Aseme nini?" mtu akadakia kutoka nyuma. "Miaka yote tumeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Nikodemu akasimama. "Yemwe, jamani! Kipe changu kinajulikana mpaka Kagunga. Kumbe nimempaka muuaji ubavuni?"

Siku nyingine wangecheka. Sia akamsogelea Asnath, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, si kosa lako. Ukitaka nitafsiri mimi kilichobaki, wewe upumzike."

Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko mbuzi wa kwenye gunia. Watu wote wakamtazama Asnath. Hadithi aliyoitunza muda wote ule, anaambiwa aiachie mlangoni pa kuisha.

"Pumziko langu liko makaburini, mwalimu," akasema, akasimama. "Hawa watu wa gemu nimewasikiliza. Wakionyesha mvua nikasema mvua, wakionyesha vita nikasema vita. Na moto huu siukatai, nimeuona. Ninamkataa aliyeuwasha. Mjomba nimemlea mimi, hapahapa, kwa mdomo wangu, wao hawakuwepo. Hawawezi kuja siku ya mwisho wakamchukua."

"Lakini ni wao waliomtengeneza, mama."

"Kuzaa ni kimoja, kulea ni kingine. Anayetaka kuona abaki na wewe. Anayetaka kusikia anifuate chanjani, nina dagaa wa kugeuza."

Akatoka. Jua likaingia ndani, mlango ukafungwa tena.

Sitakudanganya kwamba walimfuata wote. Walitaka kuona, na nani hakutaka? Nje, kwenye chanja zake za kuanikia, Asnath aliwakuta wanawake wawili tu wanaogeuza dagaa zao. Akasimama katikati yao akaanza kugeuza zake. Baadaye kidogo kivuli kikamwangukia.

"Umekuja?" akauliza.

"Nisipokuja itanibidi nikapake kipe rangi upya," Nikodemu akasema.

"Basi geuza, usikae bure."

Akawasimulia watu watatu kwa sauti ileile ya banda zima. Akasema mjomba aliuona moto ukitoka kisiwani, mama kafukuzwa na watu wa huko, mtumbwi ulishapakwa lami na maadui zake. Akasema yale mafuta mjomba aliyamwaga ili taa isije ikalipuka mikononi, upepo ukamuwahi. Wanawake wakaguna. Nikodemu akageuza dagaa, akafikiri.

"Na kile kicheko?"

"Hujamwona mtu analia, ukadhani anacheka?" Asnath akamtazama sawasawa. "Ulipomzika mama yako, Nikodemu, uso wako ulikuwaje?"

Nikodemu aligeuza dagaa walewale aliokwisha kuwageuza.

Ndani zilisikika risasi, ngurumo, sauti ya Sia akitafsiri vizuri, kwa utulivu, kama mtu asomaye risala. Kisha muziki mrefu. Asnath hakupunguza sauti wala hakuharakisha. Alikuwa ameshamtumbukiza mjomba majini, yuko chini ya mtumbwi unaowaka, anatafuta kamba gizani, mlango ulipofunguliwa watu wakaanza kutoka wakifikicha macho.

"Imeisha," Edson akasema.

"Imeishaje?" mmoja wa wanawake akauliza.

Edson akamtazama Sia. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, pedi yake kesharudishiwa mkononi, na kusema kweli hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. "Rozalia anamuua yule mzee," akasema. "Halafu anapanda meli. Peke yake. Anaondoka."

"Hata kuaga?"

"Hata kuaga. Yanakuja majina tu. Majina mengi, Wazungu watupu."

"Mimi nimeyasubiri majina yakaisha," Edson akasema, "nikadhani nyuma yake kuna kitu."

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, huyu analaumu, huyu anasikitika. Asnath akapiga ubao wa chanja kwa kiganja.

"Waliotoka mazishini wanyamaze! Huku watu bado hawajafa."

Kelele zikakatika. Mmoja akajikalia kwenye mtumbwi uliopinduliwa, mwingine kwenye mchanga. Yule wa mbuzi kwenye gunia alijibanza mwishoni kabisa asionekane.

"Mliochelewa mtawauliza wenzenu," Asnath akasema. "Sirudii."

Sia akasogea hadi ukingoni mwa chanja. "Mama, na mimi naweza kukaa?"

"Kaa. Ila hapa hakuna kusahihisha."

"Sisahihishi." Akaketi, akaikunja kanga yake miguuni. Lakini mwalimu ni mwalimu. "Mama, nakwambia tu ujue. Walioitengeneza wametangaza, hii ndiyo ya mwisho. Hakuna Rozalia mwingine tena."

"Wamechoka wao," Asnath akasema. Akachota dagaa waliokauka, akawapuliza mchanga uwatoke, akawamimina kwenye beseni. "Tulifika wapi?"

"Mjomba yuko majini," Nikodemu akajibu haraka, kabla ya mwingine yeyote. "Ameipata kamba. Ameishika kwa meno."

"Kwa meno," Asnath akasema, "maana mikono yote miwili amemshika mama."