Neno la Mizani Nne

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi nilituma neno la siku kwenye kikundi chetu cha simu: mlango. Tulikuwa majirani kumi na wanane wa mitaa ya Mapendo na Murara, hapa Goma, na tulikuwa na sharti moja: kila siku kila mmoja aandike shairi la mistari mitatu, mizani nane kila mstari, kabla jua halijazama.

Mimi nauza misumari na mabati. Kiswahili sanifu nilijifunza peke yangu, kwa kamusi moja na vitabu vya kuokoteza, kwa hiyo nilijipa kazi ya kusahihisha. Kila jioni nilinakili mashairi kwenye daftari, yakiwa yamenyooshwa. Ujumbe wenyewe ulijifuta baada ya siku saba. Tulipanga hivyo ili simu zisijae.

Siku hiyo wa kwanza kujibu alikuwa jirani yangu, mchuuzi wa maharage. Aliandika akingoja gari la kwenda mji wa Rutshuru. Hakurudi. Hakuna aliyemwona akishuka, na simu yake haikupatikana tena.

Wiki ya tatu mke wake alikuja dukani. Hakuwa kwenye kikundi. Alisikia tu kwamba bwana yake aliacha maneno. Nilimfungulia daftari, akasoma kwa sauti:

Mlango usiufunge,
mtu angali njiani,
atabisha taratibu.

"Papa, hii si ya bwana yangu."

"Ni yake, mama. Nilisahihisha kidogo tu."

"Bwana yangu hasemaka 'mtu' hata siku moja. Anasemaka mutu, kama wewe hapa ukiuza. Misumari ni ya Goma, Kiswahili umetoa Tanzania?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikachukua kalamu, nikarudisha mulango, nikarudisha mutu. Hesabu haikubadilika: mtu ni mizani mbili, mutu ni mbili. Kazi yangu ya miezi yote ile haikuwa imeongeza wala kupunguza kitu.

"Na hii taratibu?"

"Hapo palikuwa na neno jingine."

"Neno gani?"

Sikukumbuka. Nilikumbuka tu kwamba halikuwamo kwenye kamusi, nikadhani kidole chake kiliteleza, nikaweka neno la mizani nne mahali pa neno la mizani nne.

Kisha akaniambia kwamba bwana yake alikuwa na jina la Kinyarwanda alilomwita yeye nyumbani, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Alilitamka polepole, akikunja vidole. Vinne.

"Ni hili, papa? Alikuwa ananiambia mimi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nalifikiria hilo kila asubuhi ninapotuma neno. Nilisema, "Sijui, mama."

Tulipeleka simu yangu kwa fundi wa mtaa wa Murara, ajaribu kurudisha ujumbe uliojifuta. Alikaa nayo siku mbili, na siku hizo kila aliyebisha mlangoni kwangu nilimsikia akibisha mara nne, hata alipobisha mara mbili.

Fundi alipata picha za harusi, orodha za mabati, na sauti ya marehemu mama yangu akiniuliza kama nimekula. Mashairi hayakuwemo. Mke wa jirani alikuwa amesimama kando, mtandio mdomoni. Nilimtikisia kichwa, akatangulia kutoka.

Nililipa dola kumi na tano.