Macho Mawili ya Kila Kuku

Juzi nilipofika nyumbani, huku kwetu nyuma ya Matiliku, nilimkuta shemeji yangu amechutama uani, kifaranga mkononi, akimtia dawa ya kideri jichoni. Alikuwa peke yake na redio yake. Nilianza kucheka, akashangaa, na chai ikapoa nikimweleza kisa chenyewe. Keti nawe nikueleze.

Kama umekulia Ukambani, kideri unakijua. Kinakuja na upepo wa kiangazi. Jioni kuku amesinyaa, asubuhi shingo imepinda, na kufika Jumapili boma limenyamaza. Nikiwa mtoto, mwaka uliotangulia kisa hiki tulibaki na jogoo mmoja tu, naye hakuwika wiki nzima, nadhani kwa aibu.

Ndiyo maana jirani yetu wa boma la pili aliponipa kuku wake alalie mayai kwetu, niliona dunia imenikumbuka. Mpango ulikuwa ule wetu wa siku zote: wakianguliwa, nusu wangu, nusu wake. Walitoka kumi. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kumiliki kitu chochote kinachopumua. Watano wangu niliwachagua siku hiyohiyo, na usiku niliamka kuwahesabu kwa vidole gizani.

Chanjo ilikuwa shughuli ya majirani wote. Kichupa kimoja kilitosha kuku mia, na kikishafunguliwa hakingoji kesho, kwa hivyo hakuna aliyekifungua peke yake. Siku yenyewe, jua halijapanda, uwanja wetu ulijaa wanawake na viondo vinavyopiga kelele. Kulikuwa na uji wa wimbi, viazi vitamu vya kuchemsha, na manyoya kwenye kila kikombe. Mwalimu wetu, aliyekuwa amefundishwa kuchanja, alileta dawa ndani ya thamosi yenye barafu. Akatuonyesha: tone moja, jicho moja, ungoje kuku apepese, umwachilie. Kisha akakimbilia shule na kumwachia nyanya yangu kazi. Nyanya tulimwita Susu.

Susu alimtia kuku wa kwanza jicho la kulia. Akamtazama. Akamgeuza, akamtia na la kushoto.

"Susu, mwalimu amesema jicho moja!" jirani akasema.

"Na hii ingine ni ya nani?" Susu akamjibu. "Ugonjwa ikiingilia hapa mtaniambia nini?"

Wanawake wakacheka, na hakuna aliyebishana naye. Kubishana na Susu kulikuwa kazi ya watu wasio na shughuli. Kuku wakaendelea kupita, macho mawili kila mmoja. Vifaranga wetu walikuwa wa mwisho, wakingoja kikapuni karibu na jiko wasipatwe na baridi. Nilipowaleta, Susu akakiminya kichupa na kikatoa hewa tupu.

"Aiya!" jirani akasema.

Mimi nililia kwa sauti, mbele ya watu wote, bila haya. Susu alikitikisa kichupa, akakiinua juani, kisha akanitazama. Alivaa sweta, akachukua thamosi, akashika njia ya soko la Matiliku kwa miguu. Uji wake ulibaki palepale.

"Mwache," jirani akaniambia, akinipangusa makamasi na leso yake. "Ameshajua kosa lake."

Alirudi saa sita, vumbi mpaka magotini, thamosi imefungwa kwa kitambaa kibichi. Alikaa kwenye kigoda, akatayarisha dawa mpya, akanipa mimi kichupa.

"Tia wewe, mama. Jicho moja tu."

Yeye alishika vifaranga, mimi nikatia. Kumi wote. Sijawahi kuwa makini namna ile tena, hata siku ya mtihani.

Lakini sasa kichupa kilikuwa bado kimejaa, na Susu kupoteza kitu hakuweza; hata maji ya kuoshea mchele aliwapa mbuzi. Akatutuma watoto tupande mlima ulio juu ya boma letu tukiita boma kwa boma. "Waambieni walete kuku wote! Hata wale tumekosana nao!" Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Watu wakaja, kuku makwapani, kuku kwenye karai, na mzee mmoja na bata. Bata naye akatiwa, jicho moja. Sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikapanda motoni, na wawili waliokuwa hawasalimiani walijikuta wameshika kuku mmoja, huyu mabawa, huyu miguu. Nilifurahi sana siku ile.

Upepo ulipokuja, tulisikia ng'ambo ya mto wanazika kuku. Upande wetu walikohoa watu tu. Wakati wa kugawana, jirani aliniambia nichague kwanza, na watano wangu nikawabeba bandani wakiwa wazito.

Siku hizi dawa huletwa na pikipiki, kila boma lina lango, na kuku hawafi ovyo. Nashukuru kwa hilo, kwa dhati. Susu hayupo, wala jirani. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka sana, kisha akatazama kichupa chake. Alikuwa ametumia matone kumi na mawili kati ya mia.

Nikamuuliza nani anaishi pale mlimani siku hizi. Akasema hajui.