Kaye ya Vyenye Nilikula Mpofi

Mara ya kwanza kupimwa uzito nikiwa mtu mzima, nilipimwa kwenye mizani ya magunia. Mizani ya kituo cha afya cha Mpofi ilikuwa ndogo. Mshale wake ulizunguka, ukagonga mwisho, ukabaki pale ukitetemeka. Muganga, mwanaume mwembamba wa familia ya wakulima wa Masisi, akaniambia kwa heshima kwamba depo ya mume wangu ina mizani yenye nguvu zaidi. Tukaenda. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara. Tulitoka upande wa Butembo, kama wenye maduka wengi wa barabara ile, na depo yetu ilijaa maharage, chumvi na mafuta ya mawese. Wabebaji wakashusha gunia la maharage, nami nikapanda mahali pake. Chuma kilinuka mkojo wa panya. Mmoja wao akasoma namba kwa sauti, kama alivyozoea kusoma magunia: kilo mia moja na kumi na tisa. Hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Magoti yaliniuma, tansio ya damu ilikuwa inapanda, na ngazi tatu za kanisa sikuzimaliza bila kusimama kupumua. Muganga hakunipa dawa nyingi. Alinipa kaye, daftari la shule lenye mistari, na biki ya kuandikia, akaniagiza niandike kila kitu chenye kitaingia kinywani mwangu: saa, chakula gani, kiasi gani. Pembeni niandike roho yangu ilikuwa namna gani mbele ya kula. Hilo la roho nililiona la kipuuzi. Niliwaza kwamba mtu anakula kwa sababu ana njaa, roho inaingilia wapi?

Mwezi wa kwanza niliandika uongo. Niliandika kiazi kimoja, mboga za lengalenga kidogo, chai bila sukari. Sikuona kama ni uongo. Niliona naandika vile mwanamke wa heshima anavyokula, na kwa kuwa mimi ni mwanamke wa heshima, basi ndivyo nilivyokula. Mwisho wa mwezi nikarudi kwenye mizani ya magunia na namba ikawa ile ile. Muganga alifungua kaye, akasoma ukurasa kwa ukurasa, akaifunga.

“Mama,” akasema, “huyu mwenye kuandikwa humu angekuwa amekwisha kufa na njaa. Weye uko muzima. Uniletee kaye yako, usiniletee ya mutu mwingine.”

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na kwa hasira hiyo nikaandika ukweli kwa juma moja, nikitaka kumwonyesha kwamba hakuna kitu cha ajabu. Jumapili, baada ya misa, nikakaa kusoma. Nilikuwa nimekula ukoko wa bugali kutoka sufuria ambayo ilikwisha kutiwa maji ya kuoshea. Nilikuwa nimelamba mawese kwenye kidole nikiwa napimia mteja, nikaendelea kupima kwa mkono ule ule. Nilikuwa nimemaliza makombo ya samaki ya sahani za wageni, pamoja na miiba waliyokwisha kunyonya. Jibini moja nzima ya Masisi, ile ya duara, ilikuwa imeisha kwa siku mbili, na ganda lake lenye ukungu nilikuwa nimelitafuna pia. Upande wa roho nilikuwa nimeandika kila mahali neno moja: hakuna kitu. Nilisoma mpaka mate yakanijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Kaye ilikuwa imeanza kupata madoa ya mafuta, na hata harufu yake sikuweza kuivumilia.

Lakini kinyaa kile kilinisaidia. Sitadanganya kwamba nilipata nguvu ya sala au mapenzi ya afya. Nilichoka kuandika mambo ya aibu, basi. Nikitaka kulamba mawese, nilikumbuka kwamba itabidi niandike “nililamba mawese”, mkono ukarudi. Katika mwaka na nusu nilishuka mpaka tisini na nne. Nikaweza kupanda kilima cha kanisa nikiongea. Mume wangu alisema ninapendeza, na mimi nikaanza kujivuna na ile kaye, nikiwaonyesha wanawake wengine jinsi nilivyojaza ya tatu sasa.

Halafu vita vikatusogelea. Vilikuwa vikija na kuondoka miaka yote, ila safari hii watu walianza kufika Mpofi na magodoro vichwani. Mume wangu alifungua upande mmoja wa depo, akaingiza mama mmoja wa Karuba, upande wa Masisi, pamoja na binti yake mchanga ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Mama yule alikuwa mkulima, Mprotestanti, mtu wa maneno machache. Kwao walikuwa na shamba la viazi na ng'ombe wanne. Alikimbia Karuba akaenda kwa ndugu zake kule Kalembe. Kalembe nako kukachafuka, akafika kwetu. Hakujua mume wake yuko wapi. Maziwa yake ya kifua yalikuwa yanakauka kwa sababu ya njaa na mwendo.

Tulimpa chumvi, tulimpa unga wa mihogo. Asubuhi alinifagilia ua bila kuombwa. Na mimi niliendelea na kaye yangu, nikihesabu viazi nisizidishe vitatu, huku yeye mlango wa pili akimkamulia mtoto maji ya mchele kwa kitambaa. Nilijua kwamba jambo lile lilikuwa bovu. Nililiangalia kila siku nikalizoea, kama mtu anavyozoea choo kilicho karibu na jikoni.

Barabara ilipofungwa na lori zikaacha kuja, mimi nikaanza tena kula ovyo. Haikuwa njaa. Nilikuwa naogopa kwamba wenye bunduki wataingia na kubeba kila kitu, na kitu ambacho kimo tumboni hakuna atakayekibeba. Nyuma ya magunia ya chumvi kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, la mwisho. Siku ya Jumanne mama wa Karuba alinikuta dukani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hakubaki hata kijiko kimoja cha maziwa kwa ajili ya mtoto. Nikamjibu kwamba maziwa yalikwisha tangu juma lililopita. Nilimjibu bila kusita, nikimtazama machoni. Akasema asante Mama, akarudi kwake.

Saa kumi siku hiyo hiyo niliingia nyuma ya magunia, nikafungua lile kopo, nikala vijiko vitano vya maziwa makavu vilivyochanganywa na sukari, nimesimama, mlango nimeufunga kwa mgongo. Unga ulinikwama kooni nikakohoa, nikajiziba mdomo kwa kitenge ili asinisikie. Halafu nikaenda kuandika. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi ya kula kwenyewe: kwamba niliandika kwa mwandiko mzuri, kama mwanafunzi mwaminifu. Saa, vijiko vitano, sukari, mahali: depo, peke yangu. Upande wa roho: woga. Niliona nimetimiza wajibu kwa kusema ukweli kwenye karatasi.

Siku tisa baadaye, risasi zikasikika alfajiri upande wa msitu na Mpofi nzima ikaanza kutembea kwenda Kalembe, ambako tulisikia kumetulia tena. Mume wangu alibaki nyuma kufunga depo. Mimi nilitembea na mama wa Karuba, yeye na mtoto mgongoni, mimi na begi lenye nguo, karatasi za ubatizo, na kaye yangu. Kwa nini niliichukua sijui. Labda kwa sababu ndiyo ilikuwa kitu pekee chenye nilikuwa nimekifanya mimi mwenyewe.

Kabla ya Kalembe kulikuwa na kizuizi: mti umelazwa barabarani, na wanaume wenye bunduki wakipekua mizigo. Tulikuwa watu kama sitini kwenye mstari. Mkubwa wao, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya sufu, alitoa kaye katika begi langu, akaitikisa akitafuta noti katikati ya kurasa. Noti hazikuanguka. Akaanza kusoma, uso ukambadilika. Aliona saa, aliona namba, akafikiri ni ripoti ya mpelelezi. Akaniuliza viazi vitatu maana yake nini, na mayai mawili ni silaha gani. Niliapa kwamba ni chakula changu mwenyewe, kwamba muganga aliniagiza kuandika ili nipunguze mwili. Hakuamini. Akasema atasoma kwa sauti na watu wa Mpofi watamwambia kama ni kweli.

Akasoma. Alisoma polepole, akirukaruka siku, mbele ya watu ambao wengine hawakuwa wameweka kitu mdomoni tangu jana yake. Jibini. Mandazi manne. Wali na samaki, sahani mbili. Wenzake wakaanza kucheka, mmoja akanipiga tumboni kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu ngoma. Katika mstari wengine walicheka kwa woga, wengine walitazama chini. Nilikuwa natoka jasho, na nilisikia harufu ya jasho langu, chachu kama maziwa yaliyoharibika. Halafu akafika Jumanne ile.

“Saa kumi,” akasoma, “maziwa ya unga vijiko vitano, na sukari. Depo, peke yangu. Roho: woga.” Akaangalia juu. “Ulikuwa unaogopa nani, Mama?”

Mama wa Karuba alikuwa nyuma yangu, karibu kiasi kwamba mguu wa mtoto ulikuwa unagusa mkono wangu. Sikugeuka. Nilisikia tu ule mguu mdogo umeondoka kwenye mkono wangu, kwa sababu mama yake alikuwa amepiga hatua moja nyuma.

Yule mwanaume alichoka na mchezo, akanitupia kaye kwenye matope, akaturuhusu kupita. Mama wa Karuba alinipita bila kukimbia, akatembea mbele mpaka Kalembe, na umbali kati yetu haukupungua.

Kule tulilazwa katika shule, darasa moja familia saba. Nilikaa siku mbili bila kumkaribia. Siku ya tatu nilimkuta kisimani nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kuhusu woga na vita na vile mume wangu alivyowapokea. Alinisikiliza huku akijaza bidoni yake mpaka ikafurika.

“Siku ile mutoto alilala bila kitu,” akasema. “Kesho yake aliamuka. Kama hangeamuka, ningekuambia maneno mengine. Lakini aliamuka, njo maana sina maneno.”

Akajitwika bidoni akaenda. Mtoto aliishi, nilimwona akianza kusimama kwa kushika dawati, kabla mama yake hajapata nafasi ya kurudi upande wa Masisi. Mwaka uliofuata, gari letu lilipokuwa linapita kwenda Sake, nilimpa dereva makopo mawili ya maziwa amshushie Karuba. Dereva aliyarudisha hayajafunguliwa. Alisema yule mama alimpokea vizuri, akamkaribisha viazi na maziwa ya ng'ombe, akamwambia makopo yarudi kwa mwenyewe kwa sababu yeye hayahitaji tena.

Tulikaa Kalembe miezi minne, mimi na mume wangu aliyetufikia baadaye. Tulikula tulichopata, mara nyingi mihogo michungu iliyotuumiza matumbo. Niliporudi Mpofi depo ilikuwa tupu na mizani ya magunia imeng'olewa, ila ile ndogo ya kituo cha afya ilikuwepo bado. Nilipanda na mshale ukasimama kwenye sitini na tisa. Muganga akafurahi, akasema Mama, umefika mahali tulikuwa tunatafuta. Nilimwona anatabasamu nikataka kumtemea mate. Lakini yeye pia alikuwa amekonda mpaka kola ya shati ilikuwa inacheza shingoni.

Na bado, lori ziliporudi, nilikula. Hata nilione vibaya namna gani, ndivyo ilivyokuwa. Nilikula kama mbwa aliyefunguliwa, mikate moto kutoka kwa mwokaji kabla haijapoa, nikichoma ulimi, na katika mwaka mmoja nilikuwa nimepita tisini. Nilikwenda mwenyewe kununua kaye mpya, na tangu hapo sijaacha. Imekuwa miaka mingi. Mwili wangu unazunguka kwenye sabini na sita, tansio imetulia, magoti yananibeba. Sijaupenda mwili huu. Ninauchunga, kama mtu anavyochunga mbuzi mwizi.

Siku hizi muganga ananitumia wanawake wenye ugonjwa wa sukari ili niwaonyeshe kuandika. Wanakuja Alhamisi, watatu au wanne, tunakaa nyuma ya duka. Mwezi wa kwanza wote wanaleta kiazi kimoja na lengalenga. Siwakemei. Juma lililopita mmoja, mke wa mchuuzi wa samaki, aliniuliza hapo pembeni, pa roho, mtu anaandika nini hasa. Nilimwambia aandike alikuwa anamficha nani wakati anakula. Akafunika ukurasa wake kwa mkono, halafu akaomba biki.